Jina la Maximilla Kifuani Pangu

Mukuju, 3 Machi 2025

Patience mjukuu wangu,

Umeamkaje huko Busia? Unakula? Kikohozi kimekuacha? Mimi niko, goti linasumbua, lakini goti ni langu, halikuhusu. Anayeandika haya kwa simu yake ni jirani Annet. Nimemwambia aandike ninavyosema, asipambe.

Picha uliyonipiga siku ya kipaimara imefika. Nimependeza. Nikamwuliza Annet, haya maandishi hapa kifuani ni nini? Akasoma: MAXIMILLA PICHA. Nikasema soma tena. Akasoma, ikawa ileile.

Mtoto, mama yako alipokufa ulikuwa na miezi minne. Nani alikubeba? Maximilla aliyemzaa mama yako alikuwa wapi? Leo nimevaa jina lake kifuani kama sare ya kwaya. Nieleze.

Nyanya yako, Amondi

Busia, 5 Machi

Nyanya mpendwa,

Nimepiga magoti huku nakusalimu, hata kama huoni. Kikohozi kimeisha. Nakula.

Usikasirike. Ile ni alama ya kulinda picha. Mwaka jana studio moja hapa mjini ilichukua picha zangu za harusi, ikabandika mlangoni kwake kana kwamba ilizipiga yenyewe. Sasa nikishasafisha picha kwenye kompyuta, nachagua sehemu ya maandishi, naandika jina, nalififisha mpaka picha ionekane chini yake, nalishusha chini kabisa. Nikilihifadhi, programu inalipiga kwenye picha zote kwa mkupuo, hata mia tatu. Mwizi akitaka kulifuta, anaharibu picha. Yako ni ya nusu mwili, ndiyo maana likaangukia kifuani.

Kukhu Maximilla naye ni nyanya yangu, na alinipa chumba cha mbele nyumbani kwake nifungue studio, bila kodi. Nikaandika jina lake.

Mjukuu wako, Patience

Mukuju, 6 Machi

Patience,

Salamu zako nimezipata, zangu leo ni kali.

Chumba! Yeye alikupa chumba, mimi nilikupa mgongo. Ulilala humo mpaka ukaota meno, na meno ukayajaribu kwa bega langu.

Sikiliza. Futa hilo. Andika AMONDI. Neno "picha" toa, nani hajui kwamba picha ni picha? Liwe kubwa, jeusi, katikati. Usilififishe, mimi si moshi. Mpaka ufanye hivyo, usinitumie salamu.

Bado nakupenda, mjinga wewe. Kula.

Nyanya

Busia, 31 Machi

Nyanya,

U mzima? Wiki tatu umeninyamazia, kazi haishikiki.

Nimefanya. AMONDI, kubwa, jeusi, katikati. Kukhu sijamwambia, naona aibu. Jumamosi nilipiga picha za mazishi ya mama mmoja mzee kule Buteba. Picha mia mbili zimeenda kwa familia yake, na jina lako liko juu ya zote. Kesho naenda Bulumbi kwa harusi ya siku tatu. Huko simu inashika kwa shida.

Umefurahi sasa?

Mjukuu wako

Mukuju, 4 Aprili

Patience,

Unapumua? Mimi pia napumua, na jambo hilo limeshangaza wengi.

Jumatano nimekaa mlangoni nachambua karanga, nasikia vilio barabarani. Nikasema, nani tena amekufa? Wakaingia: shemeji Obbo, wake zake, na wanakwaya wote. Wakiniona wanapiga kelele, wanarudi nyuma. Mmoja akaangusha kuku. Annet akashika simu ya Obbo, akanionyesha: jeneza jeupe, maua, na juu yake AMONDI. Jeusi. Katikati. Siku hizi mtu akifa wanatuma picha yenye jina la marehemu. Wangejuaje kwamba hili ni la nyanya wa mpiga picha? Picha imeruka kutoka kundi moja la simu hadi jingine, na wewe hupatikani.

Maximilla alifika wa mwisho. Leso kiunoni, kiatu kimoja, analia tangu barabara kuu: "Amondi! Mtoto unamwachia nani!"

Nikasema, "Niko hapa, nyamaza."

Akakaa chini kwenye maganda ya karanga, akalia upya.

Nilimwambia ukweli. "Jina lako kwenye picha za mtoto, mimi ndiye niliyelifutisha."

"Mimi sikuliomba," akasema. "Aliandika mwenyewe."

Hapo moyo uliniuma zaidi, Patience. Afadhali angekuwa ameliomba.

Akaendelea, "Na wewe kaa kimya. Miaka sita nampikia, anakula anasema wa Amondi ni mtamu. Mchuzi wa Amondi, ugali wa Amondi. Njiani nilikuwa nalia huku nasema, hata akizikwa huyu atanishinda."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno tamu hivyo. Nilimchinjia kuku aliyeangushwa.

Sasa toa jina langu leo leo. Rudisha la Maximilla, lakini dogo, chini kabisa, na ulififishe vizuri. Picha yangu ya kipaimara nitolee nyingine isiyo na neno.

Annet ametupiga moja kabla Maximilla hajaondoka. Mimi nimekaa kwenye kiti, yeye amesimama. Alitaka naye aletewe kiti. Nikamwambia, wewe ulikuja kunizika, simama.

Nyanya yako, mzima