Upele wa Mwali

Mke wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako hajambo, bado ananifokea. Huku Bigwa mvua imenyesha na maharage yameota.

Ila barua yako imenitia hasira! Daktari kasema nyumba nzima mpakwe dawa ya upele, halafu mama mkwe wako anakataa ati yeye ni msafi? Msafi!

Enzi za Mjerumani dada yangu Mwanaidi aliwekwa ndani, mwali, akashikwa na upele vidoleni na kiunoni. Misheni wakatupa mafuta ya salfa, wakasema tupakwe sote, mikeka na nguo vianikwe. Shangazi, kungwi wake, akampaka mwali tu. Mkeka akaukatalia kutoka, maana kitu cha mwali hakionwi na jua, kama yeye mwenyewe. Upele ukapoa, ukarudi. Wakwe wakanong'ona kuwa binti ana mkosi, wakataka kuvunja uchumba.

Shangazi akamtukana, "Mchafu wewe!" huku anajisugua mgongo kwenye nguzo kama mbuzi.

Mama akachemka. "Wifi, huko kujikuna kwako ndiyo usafi? Pakwa, au utoke nyumbani kwangu!"

Akauburuta mkeka uani, jua likauchoma kutwa. Tukapakwa sote, shangazi akinuna. Mwanaidi alitolewa nje ngozi laini, akaolewa.

Upele haumuulizi mtu kama ameoga, Zuhura. Mpake huyo mama. Akikataa, mwambie nakuja kumpaka mwenyewe.

Mumeo mzee,
Babu