Mjomba, Ubaoni Siruhusiwi Kukusifu

Mjomba Masalu,

Shikamoo. Marahaba nimeitikia mwenyewe, maana siku hizi umekuwa mkimya. Ni mimi Shija, yule uliyekuwa ukimwita profesa wa darasa la sita.

Kibanda chako cha kuchora vibao hapa Mabatini kimesimama, na rangi nachanganya mimi. Kazi zipo tele. Kila mtu sasa anafungua duka na anataka jina lake liwe kubwa kuliko mlango. Herufi zangu zimenyooka kuliko zako. Ndiyo, nimesema. Njoo ubishe.

Lakini nakuandikia kwa ajili ya Ubao wa Wote, zile mbao nyeusi ulizopigilia ukutani ili yeyote apitaye aandike kwa chaki anachokijua kuhusu ziwa letu na watu wake. Tulipotoka kukuzika, watu walidhani nitazing'oa. Mwenye duka jipya la vipodozi akaja anatabasamu, anataka kuandika kwamba duka lake ndilo bora Kanda ya Ziwa yote. Nikampa chaki. "Sawa bosi, ila andika na nani kasema." Akajibu, "Mimi." Nikamnyang'anya chaki palepale. Ungecheka mpaka ukohoe.

Wageni wameongezeka. Wanavuka kutoka Kamanga, wengine wanaleta mchele kutoka Magu, wanasimama kusoma, halafu mikono inawawasha. Nawafundisha kama ulivyonifundisha, ila mimi nina madaha zaidi. Anza na kidogo, nawaambia. Rekebisha jina la samaki mmoja kabla hujatuandikia historia ya ziwa zima. Na ukisahihishwa usinune, hujapigwa. Juzi kijana mmoja kaandika kwamba anamjua aliyeleta magugumaji. Nikamuuliza swali lako: "Umeona au umesikia? Kama umesikia, kwa nani?" Akataka kunirudishia chaki. Sikumfukuza. Nikamwambia aandike alichokiona, akaandika jinsi magugu yanavyofunga mitumbwi ufukweni kwao. Mama Neema, yule jirani yetu muuza dagaa, akaongeza pembeni kwamba mizizi inanasa nyavu. Wakabishana wee, wakamaliza, na hakuna aliyefuta cha mwenzake kwa hasira. Si ndivyo ulivyotaka?

Sasa sikiliza kilichonikaba. Msiba ulipoisha nilipanda stuli, nikaandika jina lako juu kabisa, kwa zile herufi zenye kivuli ulizokuwa ukiringia. Chini yake: mchoraji bora kuliko wote Mwanza. Mama Neema akasimama nyuma yangu.

"Shija mwanangu, huyo si mjomba wako?"

Nikaendelea kukoleza kivuli cha herufi.

"Na nani kasema ni bora kuliko wote?"

Mjomba, sheria uliiweka mwenyewe: mtu haandiki habari za nduguye. Nilitaka kumjibu ovyo yule mama. Nikafuta. Nilifuta kwa kiganja, kitambaa sikukigusa, na siku nzima sikunawa.

Mahali pako pakabaki patupu. Nilikuwa napita naangalia kando. Wiki hii Mama Neema mwenyewe kapajaza: "Masalu. Alichora vibao vya maduka Mabatini. Aliweka ubao huu ili kila mtu aandike anachokijua na mwingine amsahihishe. Alizaliwa Magu." Basi. Sifa hakuna hata moja, na watu wanasimama hapo kuliko pengine pote.

Ila hiyo Magu siyo, au? Mimi nilisikia ulizaliwa ng'ambo, upande wa Kamanga, ukapelekwa Magu ukiwa bado unabebwa mgongoni. Nilisikia tu. Na kufuta siwezi, mimi ni nduguyo. Nimeandika pembeni, kwa herufi ndogo: "Tumuulize Bibi." Kesho Mama Neema hafungui meza yake, tunakwenda naye Magu kwa Bibi aliyekuzaa. Mama Neema ndiye atakayeuliza, na yeye ndiye atakayeandika. Mimi nitabeba chaki. Hata kama Bibi atatutajia mahali pa tatu, pataandikwa hapohapo.

Pumzika, Mjomba. Ubao siung'oi, simuuzii mtu, na yeyote atakayekuja na jambo la kweli atakuta chaki. Nakuahidi.

Na humu kwenye barua, ambamo hakuna wa kunisahihisha, ulikuwa bora kuliko wote Mwanza. Nani kasema?

Mimi.

Mpwa wako,
Shija