Ufunguo wa Nyumba Yenu

Baraka, Jumapili

Mjukuu wangu Wilondja,

Nabeba jina la babu yetu, kwa hiyo niko babu yako, hata kama bado nasoma sekondari. Kikohozi cha nyanya kimepungua. Anauliza kama kambini huko Tanzania mnapata ndagala, wale dagaa wa ziwa letu.

Umeuliza, ukichonga ufunguo, uanze na tupa ya meno makubwa au madogo. Tuliporudi kutoka Ubwari tulikokimbilia, ninyi mlikuwa mmevuka ziwa na ufunguo wa nyumba yenu. Nilitaka kuvunja kufuli. Nyanya akakataa: "Hatuvunje mulango ya bantu beko bazima." Ninyi mlikuwa hai, ng'ambo tu.

Fundi wa kufuli akanipa ufunguo wa zamani niuchonge upya. Kwa haraka nilichukua tupa ya meno makubwa, ikakata kupita alama aliyochora.

"Musomi," fundi akaniambia, "chuma yenye umekata, utairudisha namna gani?"

Ufunguo wa pili nilianza na meno makubwa, nikakaribia alama, nikabadilisha. Meno madogo yalinichukua siku tatu, nikisugua kidogo na kujaribu. Fanya hivyo nawe.

Kufuli ilipofunguka, nyanya alinishika mkono nisiingie kabla ya kupiga hodi. Nikapiga. Tukasimama mlangoni, tukasubiri kidogo.

Babu yako,
Asukulu