Gari Halina Zamu

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Serikali imepumzika, mahindi hayajapumzika. Foleni ya madebe imefika barabarani tangu asubuhi. Mama mmoja kaleta mahindi mabichi, yameziba chekeche, nikafungua mashine nzima kwa ajili ya debe lake moja. Nimemwambia akaanike kwanza. Amenuna. Anune.

Baba Salima amepiga simu kutoka Kwamndolwa. Hii ni wiki ya Mwanaidi, mke mwenzangu, na wiki ya Mwanaidi mume wetu huwa hanipigii. Nikajua ni jambo kubwa. Amepata gari. Yaani amenipatia mimi gari, kwa hela za mashine yangu ya kusaga. Liko yadi, Dar es Salaam. Jeupe, la petroli, dogo lakini limeinuka, mlango wa nyuma unafungukia juu. Nitume hela upesi kabla halijachukuliwa.

Sijatuma. Dalali wa hiyo yadi alinitumia picha za magari mawili, si moja. Pembeni ya jeupe kuna la kijivu, umbo lile lile, ila lina tangi la petroli na betri ya kuchomeka ukutani pia. Kati ya hayo nitachagua mimi. Masika iliyopita bodaboda iliniangusha kwenye tope, nimekumbatia mkanda mpya wa mashine. Magoti hayajapona mpaka leo. Gari ni la magoti haya.

Jumatano, 9 Julai

Nimeuliza watu. Fundi magari wa Handeni mjini anasema jeupe anaweza kulitengeneza amefumba macho. La kijivu likifa betri, nifugie kuku. Akacheka peke yake.

Nimewaza huku nashona mifuko iliyopasuka. Safari zangu ni zipi hasa? Handeni mjini kufuata beringi na mikanda. Benki. Hospitali. Misiba. Kwenda na kurudi. Dalali anasema chaji moja inazimaliza hizo bila tone la petroli. Nikienda mbali na chaji ikaisha, injini inaingia yenyewe. Umeme ukikatika, na hapa Misima unakatika kweli, tangi lipo. Jeupe likikosa petroli linakaa.

Na umeme mkubwa ninao, wa mashine. Nimeishi nao miaka mingi, najua saa zake za kununa.

Ubaya wa la kijivu: bei yake imezidi, betri imeshatumiwa na Mjapani nisiyemjua, na fundi wake hayupo Handeni wala Korogwe. Hilo linanitisha. Naliandika ili nisijidanganye.

Ijumaa, 11 Julai

Zamu imegeuka. Baba Salima kaingia na pikipiki baada ya swala, kaleta samaki wa kukaanga. Tumekula vizuri. Halafu gari.

La kijivu hataki hata kulisikia. Gari la kufungwa ukutani kama mbuzi, ndivyo alivyosema. Gari la mtu mwenye akili linajazwa mafuta popote, linalala popote. Kasema na mengine, kuhusu radi, kuhusu panya wanaotafuna nyaya.

Nimemsikiliza mpaka mwisho. Kitu kimoja hakukitaja, na ndicho chenyewe. Wiki hii analala kwangu Misima, wiki ijayo Kwamndolwa, na duka lake la saruji na misumari liko Korogwe mjini. Jeupe linalala popote, kweli. Litalala anapolala yeye. Nitalinunua mimi, nitaliona wiki moja, nitalikosa wiki moja. La kijivu lina kwao. Lazima lirudi kwenye soketi.

Nimeosha vyombo kwa kelele.

Jumapili, 13 Julai

Kageuka. Asubuhi tu, kabla ya chai, kasema amefikiri na la kijivu si baya. Mafuta yanapanda kila siku. Mama Salima, kasema, wewe una akili ya biashara, fanya unavyoona.

Nimefurahi kama mjinga. Nimempigia binti yetu Salima huko aliko kazini, naye kafurahi. Kisha nikakaa nikajiuliza. Mtu huyu alibishana nami siku tatu kuhusu rangi ya bati. Kimembadilisha nini usiku mmoja?

Jumatano, 16 Julai

Nimejua.

Fundi Shekalaghe, wa umeme, alikuja kutazama swichi kubwa ya mashine. Nikamwuliza lini anaweza kuniwekea soketi ya gari. Akanitazama kwa mshangao. Kwani si ameshaagizwa, kasema, Jumatatu anakwenda kupima waya. Kupima wapi? Kwamndolwa, kwa bi mdogo. Mzee alimpigia mwenyewe. Kamwambia umeme wa kule hauchezichezi kama wa Misima.

Maskini alidhani ninajua. Akaanza kukusanya bisibisi zake bila kuniangalia. Nikamwambia amalize swichi, kosa si lake.

Nina hasira. Hasira ya kugombana nimeizoea. Hii ni ya kufanywa mtoto. Nilivyofurahi Jumapili, ndicho kinachoniuma zaidi.

Alhamisi, 17 Julai

Nimepika ugali wa muhogo na mlenda, nimemtengea Baba Salima, nimemwambia najua. Hakukana. Kaanza na umeme, kamaliza na dini. Yeye ana wake wawili, anatakiwa kuwa sawa kwetu. Mashine iko kwako, gari likae kule, mizani inakaa sawa.

Nimemwambia apime vya kwake. Sukari anayonunua, apime. Vitenge vya sikukuu, apime. Usiku wake, apime, na sijawahi kumdai hata dakika. Mashine niliianzisha kwa ng'ombe alioniachia marehemu mama, na gari linatoka kwenye mashine. Hiyo haimo kwenye mizani yake. Zamu ni yake yeye, gari halina zamu.

Kala. Mlenda kaumaliza wote, kwa hiyo hakuumia sana.

Jumanne, 22 Julai

Leo nimefanya jambo ambalo huwa halifanyiki. Nimekwenda kwa Mwanaidi ndani ya wiki yake.

Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo, lakini tumeishika tangu aolewe. Wiki yake Kwamndolwa sipajui, wiki yangu Misima hapajui. Tunaonana kwenye misiba. Nimepanda basi, nimeshuka Korogwe, nimechukua bodaboda kwa magoti haya haya. Baba Salima alikuwa dukani. Nilihakikisha.

Nimemkuta kwenye cherehani barazani. Kasimama mpaka kiti kikaanguka.

"Shikamoo, dada. Kuna msiba?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa. Kanipa maji, kanipa kiti chenye mto. Jirani kapita na ndoo mara mbili, mara zote tupu. Nikasema nilichokuja kusema, bila kuzunguka. Gari nanunua mimi, kwa jasho la mashine. Hakujua. Kaambiwa mzee ananunua gari la familia na soketi itawekwa chini ya dirisha lake. Kaona haya usoni, kwa sababu ameshawatangazia majirani wote.

"Mimi nilishaanza kuwaza nitavaa nini siku ya kupanda mbele," kasema.

Sikutaka kucheka. Nimecheka.

Halafu kasema la maana. Luku ya nyumba ile anaijaza yeye, kwa ushonaji. Gari likinywa umeme wake, nani atajaza? Mzee? Jibu tunalijua sote wawili. Kasema Shekalaghe alikuja jana na futi kamba yake, nimwambie asirudi. Kuta zake hazitobolewi.

Sisemi sasa tumekuwa marafiki. Wakati naondoka kaniambia wazi, kama angekuwa na hela angenunua jeupe na asingenipa lifti. Namheshimu kwa hilo. Ila njia nzima ndani ya basi nilikuwa naiona ile baraza. Imefagiliwa vizuri. Kuna kofia ya Baba Salima imetundikwa pale.

Alhamisi, 24 Julai

Simu. Baba Salima amepata habari, yule jirani wa ndoo hakulala nazo. Nimemvunjia heshima. Nimekwenda kuwachonganisha wake zake. Amekasirika kweli, sauti ilikuwa ndogo, na sauti yake ikiwa ndogo ndiyo mbaya. Kasema basi, nunua unalotaka. Ila yeye haliendeshi hilo gari, na nimtafute dereva, maana mimi hata baiskeli sijui.

Ni kweli. Sijui.

Nimekaa nje ya mashine nikiwaza jeupe. Jeupe lingemaliza yote. Fundi yuko mjini, bei nafuu, mume anarudi kucheka, Mwanaidi anapanda mbele na nguo yake mpya. Kwa akili ya fundi, jeupe ndilo la kununua. Sikatai.

Lakini nikilinunua jeupe nitakuwa nimenunua gari la Baba Salima, na mimi nitabaki na bodaboda na cheo cha bi mkubwa. Alisema linafungwa kama mbuzi. Ndiyo. Nataka linalofungwa. Nalifunga kwangu.

Nina miaka hamsini na mitatu. Nitajifunza kuendesha.

Jumatatu, 28 Julai

Nimelipa. La kijivu, kwa majina yangu yote matatu. Sijutii.

Jumamosi, 9 Agosti

Somo la udereva, Handeni mjini. Mwalimu ananiita mama halafu ananipigia kelele, sijui ameona vinaendana vipi. Leo nimegonga pipa. Pipa lilikuwa tupu, moyo wangu ndio ulijaa. Wanafunzi wenzangu wangeweza kuwa wanangu, wamecheka mpaka wakakaa chini. Nimeliinua pipa, nimelirudisha, nimepanda tena.

Hapa mashineni wanawake wamegawanyika. Wengine wanasema namwaibisha mume. Wengine wanauliza ada ya chuo ni kiasi gani, kwa sauti ya chini. Baba Salima yuko kwangu wiki hii. Anakula, anaswali, anasalimia watu. Gari halitaji. Hata mimi silitaji. Nyumba imepoa na sipendi, lakini sirudi nyuma.

Jumatano, 20 Agosti

Limefika. Dogo kuliko picha. Zuri kuliko picha.

Shekalaghe kafunga soketi kwenye ukuta wa mashine, upande wa kivuli. Nikalichomeka pale pale kwa haraka zangu, mashine ikiwa inasaga. Pu! Swichi kubwa imekatika, mashine imekufa na mahindi ya watu tumboni, giza, vumbi, kelele. Mama mmoja akauliza kama gari limekula unga wake. Shekalaghe kanisema, na haki anayo. Mashine na gari havili pamoja. Mashine ikifunga jioni, ndipo gari linakula.

Dereva aliyelileta kanizungusha uwanjani kwa betri peke yake. Halina mlio. Kuku hawakukimbia mpaka tairi ilipowafikia, wote salama. Wanawake wakawa wananiuliza kwa nini nimelizima. Sijalizima! Linatembea! Nimepiga kelele mpaka koo limekauka. Siku nyingi sijafurahi namna hii.

Jumapili, 7 Septemba

Leseni. Nimekwenda mjini na kurudi peke yangu, kwa umeme wa Misima mtupu. Mikono imeloa jasho kwenye usukani. Ng'ombe wa Wamasai wamenisimamisha katikati ya barabara, nimesubiri, mchungaji kanipungia mkono.

Baba Salima alikuwa amekaa mlangoni niliporudi. Kalizunguka gari, kakagua tairi, kakuta halina mchubuko. Kaomba funguo kwa ajili ya Ijumaa. Anataka kwenda nalo kwa Mwanaidi.

Nimemkatalia, kwa adabu. Nimemwambia akitaka atapanda, nitampeleka. Mpaka chaji inapoishia ni juu yangu. Petroli ya kupita hapo ni yake. Kaondoka kwenda kuswali.

Ijumaa, 26 Septemba

Ijumaa ile aliyoombea funguo alikwenda na pikipiki, kunionyesha kuwa hanihitaji. Leo zamu imegeuka tena, na pikipiki haikuwaka. Au hakutaka iwake, sikuuliza. Baada ya swala kaja na begi lake, kafungua mlango wa mbele, kakaa upande wa abiria. Kafunga mkanda. Tukaenda.

Njia nusu tulikuwa kimya, sisi na gari. Kisha chaji ikaisha na injini ikaamka. Kashtuka, halafu kacheka. Kasema sasa hili ndilo gari. Korogwe tuliingia kituo cha mafuta, akashuka, akalipa.

Mwanaidi alikuwa getini. Kanisalimia, kanikaribisha. Nimemwambia siku nyingine. Kapokea begi.

Nilikuwa natafuta namna ya kugeuza, pale pembamba, ndiyo maana nikaona. Baba Salima alifika kwenye baraza, akavua viatu bila kutazama chini, mguu mmoja kisha mwingine, akapita kuingia ndani. Namna ile ile anavyovua kwangu. Miaka yote nilijua. Kwa macho sikuwahi kuona. Imeniuma, sina sababu ya kuficha hapa. Nimekaa na mguu kwenye breki mpaka mlango ulipofungwa.

Nimegeuza kwa mara tatu. Sikugusa ukuta wa mtu.

Nimerudi peke yangu, kioo wazi, mkonge huku na huku. Sikulia. Nilidhani nitalia, nikawa naangalia barabara. Mashine walishafunga. Nimelichomeka, taa yake ndogo imewaka, nimekula viazi vilivyobaki.

Ijumaa ijayo anarudi kwangu. Sijaamua kama nitamfuata au atapanda basi.