Mioto Miwili ya Halasay

Kwako mdogo wangu Dolina,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Walter, na kwamba joto la Toronto halijawakaanga. Huku tu wazima. Ng'ombe wa jirani bado anakula maua ya Mama, na mimi kaka yako bado ndiye mwanamume mzuri kuliko wote upande huu wa kanisa, ingawa juzi nimezeeka ghafla. Mama anapumua na anakula. Nakutangulizia hilo usije ukaruka mistari kutafuta msiba. Msiba upo, lakini si huo unaoudhania.

Nakuandikia kwa kalamu, mimi niliyeacha shule kabla shule haijaniacha, kwa sababu jambo lenyewe simu hailibebi. Tena simu zenu wewe na Mama nazijua. Tangu ulipompoteza mtoto wako ukampigia ukilia, naye akakujibu, "Hupita hayo, kanywe chai," mmebaki kuulizana habari za mvua na upepo. Sikulaumu. Hata mimi nilimwona ana moyo wa jiwe.

Basi kiangazi hiki nilichukua likizo na Torquil, yule dereva wa basi la shule, na Effie msusi, ambaye siku hizi ana kamera yenye mdomo mrefu kama mzinga. Tukakodi mashua, tukabeba mahema na chupa ambazo sitazitaja, tukaanza kuzunguka visiwa visivyo na watu. Nahodha mimi, mpishi mimi, mwalimu wa jiografia mimi. Niliwasimulia Singapore na Valparaiso za enzi zangu za ubaharia mpaka Torquil akaniuliza, hivi Murdo, kuna bandari hujaoa? Nikamwambia zipo, zile zisizo na kanisa. Effie alipiga picha ndege, miamba, na sili, wale wanyama wa baharini wenye masharubu, waliotukodolea macho kama wazee wa kanisa wanapoona mtu anafua nguo Jumapili.

Mwisho tukafika Halasay. Unamjua Mama na Halasay. Alizaliwa kule, akaolewa na Baba kule, wakahama pamoja na watu wote muda mfupi kabla sijazaliwa. Tangu hapo kisiwa anakiona kila siku kwenye dirisha la jikoni, ng'ambo ya maji, wala hajakikanyaga. Ukikitaja anageukia sufuria. Nilipomwambia tunakwenda kulala huko, alisema tu nivae soksi nzito.

Jioni Effie alitaka picha ya moto ufukweni, kanisa lililobomoka likionekana nyuma. Tukawasha magogo yaliyotupwa na bahari. Picha ikatoka nzuri, lakini kaka yako unamjua, hajawahi kuridhika na kimoja. Nikasema moto mmoja ni wa kuchemshia viazi, tuwashe na wa pili, huu huku, ule kule, maji ya katikati yameremete. Effie alipiga picha mpaka akasahau kula. Nami nikalala kama mfalme.

Asubuhi nakaanga soseji za damu, nimevaa buti na suruali ya ndani tu, mara naiona mashua ya Lachie inakuja. Unamkumbuka mzee Lachie, aliyekuwa akitupenyezea pipi kanisani. Alikuwa na wanaume wa kijijini wenye suti nyeusi. Mbao ndefu. Masepetu. Na katikati yao, kofia ya kanisani kichwani, jaketi la kuokolea juu ya koti jeusi, ameketi Mama.

Dolina, mwiko uliniponyoka mkononi. Mama alikataa mkono wa kumshusha, akashuka mwenyewe, akanijia moja kwa moja. Akanishika uso kwa mikono miwili kama anayekagua kabichi sokoni. Kisha akaanza kunipiga na mkoba. "Mbwa wewe! Jitu zima! Uko hai? Uko hai na unakaanga?" Torquil akatoa kichwa hemani akiuliza nani kafa. Lachie akamwambia, "Sisi tulidhani wewe ndiye utatuambia."

Hapo ndipo nilipofundishwa, na mvi zangu hizi, jambo ambalo kila mtoto wa Halasay alilijua. Kule hakukuwa na simu, watu walisema na ng'ambo kwa moto. Moto mmoja, leteni daktari. Miwili, mtu amekufa, leteni mbao za jeneza, maana kisiwa hakina mti hata wa kuchonga kijiti cha meno. Mama alikuwa anaosha vyombo alipouona wa kwanza. Akanipigia, na simu kule haishiki. Akauona wa pili. Lachie alitaka kuita helikopta. Mama akamwambia helikopta ni ya wagonjwa, akaingia chumbani kutafuta koti jeusi. Wakangoja maji yawaruhusu, wakavuka.

Mimi hofu ikinizidi hufanya mzaha. Nikamuuliza Lachie walipanga kunizika wapi, nijue kama wamenichagulia mahali penye mandhari. Akasema Mama alishaelekeza njiani: kando ya nduguye. Nikaangua kicheko. Nikasema ndugu yangu ni mmoja tu, yuko Toronto anauza miwani. Hakuna aliyecheka. Lachie akavua kofia.

Mama akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya kanisa, kwenye majani marefu na mawe yasiyo na maandishi. Hakutafuta. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye jiwe moja dogo, ukubwa wa mkate.

Alikuwa mvulana. Alizaliwa wakati wa baridi, mwaka wa mwisho kisiwani, akashikwa na homa. Baba akawasha moto mmoja. Ng'ambo waliuona. Lachie, kijana wakati ule, alijaribu kuvuka, mawimbi yakamrudisha. Akajaribu tena, yakamrudisha. Baba akauchochea moto kwa kila alichokuwa nacho. Akachoma mlango wa zizi. Akachoma kitanda cha mtoto mwenyewe. Halafu akawasha wa pili. Mbao zilipofika, Mama anasema, bahari ilikuwa imetulia kama maziwa kwenye bakuli.

Nikamuuliza mtoto aliitwa nani. Akanitazama kama nimeuliza upuuzi. Akasema, "Murdo."

Basi mimi niliyekutambia miaka yote kuwa ni kifungua mimba, nikakunyang'anya kiti cha dirishani na paja la kuku, nilikuwa nimesimama mbele ya mwenye jina. Nikachuchumaa, nikang'oa majani yaliyolizonga jiwe lake.

Kisha nilimuuliza kwa nini hakukuambia, hata ulipompoteza wako. Alikaa chini kwenye majani na koti lake zuri. Akasema alipokusikia ukilia alijua kwamba akifungua mdomo atalia ya miaka yote, na wewe ndiye utakayebaki kumbembeleza yeye. Chai ndiyo neno lililokuwa karibu. Akakata simu, akasimama dirishani mpaka kukapambazuka.

Sasa ungamo langu: aliniapisha nisikuambie, nami niliapa, kiganja juu ya jiwe lile. Kiapo hicho nakivunja hapa, na sijutii. Anataka jiwe jipya lenye jina. Lachie yuko tayari kumvusha, lakini Septemba ikiingia bahari ile inafunga njia, na Mama themanini anaigongea hodi. Kila siku nikimuuliza lini, anasema bado. Jana nilimbana. Akasema hawezi kwenda kumwekea mtoto mmoja jina huku mwingine hajui kama nduguye aliwahi kuishi, na kukuambia hathubutu. Anaogopa utamchukia mara ya pili.

Njoo, Dolina. Usipige simu kwanza. Ukifika mlangoni usijieleze, atajua tu.

Torquil na Effie wanakusalimu sana, na Lachie anasema pipi yako ipo. Mkumbatie Walter, mwambie namdai ushindi wa karata. Mchongaji alikuja leo kuchukua vipimo. Mama alimwambia aache nafasi chini ya jina. Hakusema ya nani, ila mimi nikamwaza mtoto wako.

Nduguyo akupendaye,
Murdo