Neno Lisilo na Kwao

Wells, Somerset, Uingereza
3 Novemba 1891

Mpendwa Shangazi Hester,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko New Zealand, kifua kimepoa na kondoo wamezaa salama. Mimi mwili hauna neno, ila moyo umekataa kutulia. Hata mwandiko wangu utauona.

Mama anaendelea vizuri na miguu yake. Kodi na makaa vyote vinategemea kazi yangu, kwa hiyo yeye sijamwambia haya.

Unajua nimeajiriwa ukarani kwenye kamusi ya Dakta Ormerod, kutafuta kila neno la Kiingereza lilikotoka. Nilipewa "dog", yaani mbwa. Usicheke, Shangazi. Watu wetu wa kale walimwita mbwa kwa jina jingine kabisa. Hili la sasa lilizuka tu. Nilipolikuta katika vitabu vya Kiholanzi nilifurahi kupita kiasi, nikaandika kwamba tulilitoa kwao. Ukurasa ukaenda kwa mpiga chapa.

Jana nikasoma vitabu vyao vya zamani zaidi. Wao wenyewe wanasema "mbwa wa Kiingereza". Kumbe wao ndio waliolichukua kwetu! Nimemfanya mtoto kuwa mzazi wa mama yake.

Pargeter, karani mwenzangu, akaninong'oneza, "Nyamaza, kijana. Nani atakushtaki? Mbwa?" Lakini hapa kazini kila asubuhi Dakta husimama mbele ya moto, na karani hulitetea neno lake mbele ya wote. Kusema asili haijulikani ni kukiri uvivu. Aliyesema hivyo mwaka jana sasa anauza sabuni.

Leo nilisimama mbele yao.

"Bwana, pale kwa mbwa tufute. Hatujui."

"Hatujui nini, Tuckett?"

"Lilikotoka, bwana."

Dakta akasoma ushahidi wangu, akarudia. Pargeter alikuwa anakohoa kicheko.

"Utasimama na hili mbele ya maprofesa wa Ujerumani watakapotukosoa?"

"Naogopa, bwana. Lakini nitasimama."

"Uogope tu. Ungeogopa mapema tusingepanga herufi za chapa mara mbili. Futa. Kesho uanze 'donkey'."

Basi kazi ninayo bado, Shangazi. Ila jioni hii nimemchungulia huyo punda, na naye sioni kwao popote. Nimeshaanza kuogopa upya.

Nisalimie Mjomba Silas na binamu Tamsin. Mpapase mbwa wako Moss kichwani. Yeye huitika bila kudai ushahidi. Mungu awafunike nyote kwa amani, na kesho asubuhi mniombee.

Mwana wa kaka yako, akupendaye kwa hofu yake yote,
Edwin Tuckett