Tembo la Shayiri

Shambani, Ubelgiji
Jumatatu, baada ya kukama

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pokea na ya pili kabisa, maana najua Dama akishasoma mstari huu utamwambia aurudie. Mimi ni mzima, ila nimechoka. Mgongo unauma, vidole vimepasuka kwa baridi, na juzi nilisinzia katikati ya kukama mpaka ng'ombe akanichapa mkia usoni. Cheka tu, hata mimi nilicheka baadaye. Wewe hujambo? Goti linakubali kushuka hadi kisimani, au bado unajifanya haliumi? Na minazi ya marehemu baba, Karisa anaiweza yote au ameiacha ile mirefu?

Barua ya Karisa ilinifikia mwezi uliopita. Dama dada yangu, hapa soma polepole. Aliandika kwamba baba mdogo ameota mara mbili: baba amekaa mlangoni, kibuyu kitupu magotini, ananiulizia kana kwamba bado niko juu ya mnazi, "Katana hajateremka?" Kwa hiyo wazee wameamua asimamishiwe koma yake, ule mti wa kuchongwa wa kumkumbuka marehemu, Jumapili ya jana, na kila mwanawe wa kiume amwage tembo chini yake. Nawe unajua desturi ya nyumba yetu ya wagema, tembo la kununua halimwagwi. Lazima liwe la mkono wako. Karisa akasema yeye atagema lake, na mimi kama siwezi kuja, nifanye nijuavyo, lakini siku ile isipite mkono wangu ukiwa mkavu.

Kuja sikuweza. Nilimwomba ruhusa mwenye shamba, akasema ng'ombe wanazaa msimu huu, tuzungumze kukipata joto. Sikubishana. Mtu akichoka, hata kubishana ni kazi. Mazishi yalinipita, simu ilifika baba akiwa na siku nne ardhini. Sasa nikaona na hili linanipita, na ndilo lililonikosesha raha mwezi mzima.

Huku hakuna mnazi, Mama. Lakini mama yake mwenye shamba, kikongwe anayeitwa Lea, hupika pombe jikoni kwake kama mama yake alivyowapikia vibarua wa mavuno. Ni pombe nyepesi, kavu, haina utamu hata chembe, na ukishusha bilauri unatamani nyingine. Nilimweleza kwa maneno machache na mikono mingi kwamba nataka kupika ya kwangu, kwa ajili ya baba. Hakuuliza zaidi. Alinipa aproni na gunia.

Ndani ya gunia mlikuwa na kimea cha shayiri, punje zilizoloweshwa zikachipua, kisha zikakaushwa. Nikazisaga kwa kinu cha mkono, zivunjike tu, zisiwe unga. Nikazitia katika sufuria la maji ya moto yasiyochemka. Lea hana kipimo, huchovya kidole, akakitoa upesi, akaguna, basi maji yako sawa. Zikakaa saa nzima chini ya blanketi kama mgonjwa. Nikachuja, yakatoka maji matamu, nami nikadhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Nikayachemsha pamoja na maua makavu ya mmea fulani wa kutambaa, machungu kuliko mwarobaini, nikayaacha yapoe, nikayamimina katika ndoo safi. Lea akatia hamira aliyoiweka akiba kutoka pombe yake iliyopita, akafunika, akaisogeza karibu na jiko. Akanionyesha vidole viwili, yaani wiki mbili. Nisiguse.

Mama, mtoto wa mgema aambiwe asiguse! Baba alipanda asubuhi na akapanda jioni siku zote alizojaliwa. Siku ya harusi ya Dama alipanda kwanza, ndipo akavaa shati jipya. Mnazi usipoupanda siku mbili unakususia, unaanza nao upya. Ndivyo nilivyolelewa: kinachokupa kinywaji, ukitembelee. Basi nikawa naitembelea ile ndoo, asubuhi nikitoka kukama na jioni nikitoka kukama. Nafunua, nakoroga, naonja kwa mrija niliouchonga mwenyewe. Siku ya pili ikatoa povu, nikajisifu kwamba damu ya mgema haipotei. Siku ya saba nikaona utando mweupe juu, nikauengua. Siku ya kumi harufu ilinipokea mlangoni. Ilikuwa siki, Mama. Siki ya kutilia achari.

Lea alionja, akafumba jicho moja. Hakunigombeza. Aliniuliza nilifanyaje, nami nikamwonyesha kwa mikono: napanda kama mgema, nashuka, nafunua. Akakaa, akasema polepole ili nimwelewe, "Katana, hii hailelewi. Hii inaachwa."

Nikaondoka nikaenda zizini, nikalia. Nakwambia kweli, mwanao ana miaka thelathini na miwili na amelilia ndoo. Lakini wewe unajua si ndoo niliyoililia.

Siku ileile tukapika nyingine. Safari hii Lea alikifunga kifuniko kwa kamba, akapiga fundo lake mwenyewe, nami nikawa napita jikoni mikono mfukoni. Ikachemka yenyewe, ikatulia yenyewe, bila kuniuliza. Baada ya wiki mbili tukaitia katika chupa na chembe za sukari, tukaziba. Nikadhani nimefika. Lea akanionyesha vidole vitatu, wiki tatu nyingine humo ndani. Jumapili ilikuwa imebakiza siku nne.

Nilimsihi tufungue moja tu. Akasema nikifungua nitapata maji yenye uchungu, na nitakuwa nimeiharibu na hii pia. Nikazipeleka chupa ghalani. Siku hizo nne nilikama, nikabeba maziwa, nikala, na sikumbuki nilichokula.

Jana nilimaliza kazi, nikaoga, nikavaa shati ulilonishonea. Nikasimama ghalani mbele ya zile chupa. Pembeni ilikuwako ndoo ya siki, Lea aliihifadhi kwa kabichi zake. Nikaangalia chupa, nikaangalia ndoo. Chupa ni nzuri, lakini fundo lilikuwa la Lea na subira ilikuwa ya Lea. Ile siki ndiyo ya mkono wangu, hata makosa yake ni yangu.

Ndipo nikakumbuka jambo ambalo ungekuwa karibu ungeniambia tangu siku ya kwanza. Baba alikuwa akinywa nini? Tembo la asubuhi lilikuwa la wateja. La jioni lilikuwa la wazee na wageni. Yeye ulimwekea katika kikombe cha bati lile lililolala, chachu, lisilotakiwa na mtu, na ukimlaumu alikujibu, "Hili limelala likinisubiri mimi. Nikilikataa nitakuwa mtu gani?"

Nikajaza kikombe. Nikaenda nyuma ya ghala, upande linakochomoza jua. Ardhi ilikuwa ngumu kwa barafu, nikaichimba kwa kisigino mpaka udongo ukaonekana. Nikamwita kwa majina yake yote, lako la kumpendea likiwamo, nisamehe. Nikasema, "Baba, nimechelewa, na hili limelala. Lipokee." Nikamwaga. Kilichobaki nikakinywa. Mdomo ulijikunja, na ladha ilikuwa ileile ya kikombe chake nilipokuwa nikimwibia funda akigeuka. Miaka sita niko huku, sijawahi kuwa karibu naye namna hiyo.

Leo asubuhi nimeamka na uchovu wangu uleule. Ng'ombe hawajui kwamba mtu amemzika baba yake jana.

Nisalimie Karisa, mwambie mkono wangu haukuwa mkavu, na kwamba nauonea wivu mnazi wake. Baba mdogo shikamoo yake, na akiota tena asikurupuke kuamka, amsikilize ndugu yake mpaka mwisho. Mume wa Dama mwambie nashukuru kwa kumruhusu mkewe aje kukusomea. Na Bi Mwanaisha wa Mambrui, anayechukua siki kwako kwa achari zake, mwambie sasa hata mwanao anajua kuitengeneza, ila hakukusudia.

Chupa moja nimeitenga, ya kuja nayo. Siigusi asubuhi wala jioni. Wewe, akikujia ndotoni, usimuulize mengi. Mwangalie kile kibuyu tu, kama bado kitupu, kisha mwambie Dama aniandikie ulichokiona, hata kikiwa kibaya.

Mwanao, ambaye bado hajateremka,
Katana